Ng'ombe Waliomfanya Tajiri

Siku Naisula alipotangazwa tajiri, alikuwa ameazima sukari kwa jirani. Mgeni alikuwa anakuja kutoka Kajiado, na mgeni wa ofisi huwezi kumpa chai isiyo na sukari, utasemwa mwaka mzima. Jirani yake Mbeke, mama wa Kikamba aliyeuza sukuma wiki kwenye kibanda kando ya barabara ya Namanga, alimpimia sukari kwenye karatasi, akamwongezea konzi moja, akamwambia, "Peleka, Pakine. Akishakunywa akuandike vizuri."

Mgeni alikunywa vikombe vitatu. Jina lake Ledama, katibu wa Mfuko wa Nasieku, ambao kazi yake ilikuwa kuwalipia karo wauguzi wanaotaka kusomea shahada ya uzamili. Naisula alikuwa muuguzi wa miaka mingi kwenye zahanati ya misheni hapo Kitengela, na chuo kikuu kule Nairobi kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea ukunga, mradi alipe karo ya muhula wa kwanza kabla Septemba hiyo ya 2005 haijaisha. Alikuwa amechoka kuwapakia wanawake wanaovuja damu kwenye pikapu na kuwaambia Mungu yuko nanyi hadi Nairobi. Alitaka kujua la kuwafanyia palepale. Hilo tu, wala hakutaka cheo.

Ledama aliweka kikombe chini, akatoka nje hadi kwenye zizi la miiba nyuma ya nyumba.

"Ng'ombe wanne," akasema huku akiandika. "Kondoo wawili. Mbuzi mmoja. Hawa ni wa nani, Sista?"

"Ni wangu. Ndio mchango wa jamii."

"Wako."

"Nimechangiwa, Bwana Ledama. Si ndivyo mlivyosema nyinyi wenyewe?"

Ndivyo walivyosema kweli. Mfuko ulikuwa na sharti kwamba nusu ya karo itoke kwa watu wa mwombaji, ati ionekane kama wanamwamini, ndipo Mfuko utoe nusu ya pili. Naisula akaitisha harambee kanisani mwezi wa saba. Sasa, Wamaasai ukiwaomba mchango hawafungui pochi, wanafungua zizi. Mzee Saning'o, ambaye Naisula alimzalisha binti yake, alileta ndama jike mwekundu, na tangu siku hiyo hakumwita tena Naisula kwa jina lake, wala Naisula hakumwita kwa jina lake. Mtu akikupa ndama, mnaitana Paashe. Akikupa ng'ombe mzima, mnaitana Pakiteng. Kondoo ni Paker, mbuzi ni Pakine. Mnaitana hivyo sokoni, kanisani, hata kwenye ugomvi, mpaka mmoja azikwe.

Mbeke alicheka hadi akashika mbavu alipoelezwa hayo. "Aiya! Kwani mimi nimekaa na nyinyi miaka yote hii bila jina?" Kesho yake akaja akivuta mbuzi kwa kamba. Wakamba wenzake sokoni walimtania kwamba amekuwa Mmaasai, sasa atobolewe masikio, lakini yeye aliitikia Pakine kwa madaha kama mtu aliyepewa uchifu.

Naisula alitaka kuuza wanyama wiki ileile, bei ikiwa bado nzuri. Ofisi ikakataa. Lazima katibu auone mchango kwa macho yake, ndipo uuzwe. Basi akangoja macho ya katibu. Julai ikaisha, Agosti ikaisha, nyasi zikaisha, na bei mnadani ikawa inashuka kila Jumatano. Na macho yalipokuja hatimaye, tazama yaliona nini.

"Shida ni moja," Ledama alisema, akifunga kalamu. "Mfuko huu ni wa wasiojiweza. Mtu mwenye ng'ombe wanne siwezi kumwandika asiyejiweza."

"Lakini ni mchango!"

"Kwenye fomu yangu kuna mahali pa mifugo ya mwombaji. Nimekuuliza ni ya nani. Umesema yako."

Naisula alimtazama akidhani anatania. "Bwana Ledama, wewe si mtoto wa Ewuaso Kedong? Haya mambo unayajua kuliko mimi."

"Hapa niko kikazi, Sista."

Yuko kikazi! Kila mtu Ewuaso Kedong alijua Ledama alisomea India kwa ng'ombe wa watu, na kwamba huko kwao bado kuna wazee wanaomwita Pakiteng akishuka kwenye gari. Aliingia kwenye gari la Mfuko, jipya, lina nembo ya muuguzi anayetabasamu mlangoni, akaondoka na vumbi lake. Sukari ya Mbeke alikuwa ameimaliza.

*

Simu ilipigwa zahanati siku chache baadaye. Ombi limekataliwa kwa sababu mwombaji ana mali, lakini anaweza kukata rufaa. Kamati itaketi Alhamisi. Aje na wote waliomchangia, na mbele yao atamke kwamba mifugo ile si yake. Akitamka hivyo, neno "tajiri" litaondolewa.

Jioni alimweleza mumewe, Kuntai, karani wa kichinjio, wakila ugali na maziwa ya mgando.

"Si useme tu?" Kuntai alisema. "Ni maneno ya ofisi hayo. Ukitoka pale ng'ombe ni walewale."

"Paashe atakuwa ameketi hapo ananisikiliza. Nimkane?"

"Nani amesema umkane? Mzee Kiswahili chake ni cha mnadani, ngapi, punguza, basi. Wewe ongea haraka, changanya na Kizungu kidogo, hatashika kitu. Tutamwambia baadaye ilikuwa mambo ya fomu."

"Kuntai, unanifundisha kumzunguka mzee aliyenipa ndama."

"Nakufundisha kusoma! Ama unataka kubaki hapo zahanati ukipakia watu kwenye pikapu mpaka ustaafu?"

Hapo alikuwa amemshika pabaya, na alijua. Jumanne ile mama mmoja mfanyakazi wa viwandani alikuwa amefia kwenye pikapu kabla hawajafika hata Athi River, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Naisula. Mume wa marehemu aliuliza kitu kimoja tu: hakukuwa na mtu pale anayejua? Sasa Naisula alisukuma sahani, akasema sawa, atasema haraka haraka. Aibu aliyoisikia akisema hivyo aliimeza pamoja na maziwa.

*

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye mapazia mazito na chupa za maji, moja mbele ya kila mjumbe. Waliomchangia Naisula walipewa benchi ukutani. Mzee Saning'o alikuwa amevaa shuka jipya kwa heshima ya shughuli, na Mbeke alikuwa amefunga kibanda chake siku nzima, hasara juu yake mwenyewe. Maji hawakupewa.

Mwenyekiti, Bwana Githongo, mwenye shamba la maua upande wa Isinya, alimwambia Naisula asimame. "Tuambie kuhusu hii mifugo, Sista."

Naisula alikohoa. Kisha akasema kwa kasi, macho yakiwa kwenye pazia, "Kuhusiana na hizo livestock, ningependa kuthibitisha kwamba ownership si yangu. Si mali yangu. Asante."

"Ngoja kidogo," Ledama akasema, akainua mkono. "Wachangiaji wamesikia? Wafadhili wetu wanataka uwazi. Si vizuri mambo yasemwe hapa na wazee hawaelewi." Na kabla Naisula hajafungua mdomo, alimgeukia Mzee Saning'o, akamtafsiria kwa Kimaa safi cha Ewuaso, polepole, kila neno mahali pake: Huyu mwanamke anasema ndama uliyempa si wake. Anasema hakupokea kitu kwako.

Mzee aliuliza kwa Kimaa, sauti ya kawaida tu, "Amesema hivyo?"

"Muulize mwenyewe."

"Paashe, umesema hivyo?"

Angeweza kusema hapana. Kuntai alikuwa mlangoni, anamkazia macho. Mwenyekiti ameshika kalamu. Na mama wa Jumanne alikuwa bado hajazikwa. Naisula alisema kwa Kimaa, kwa sauti ambayo hakuitambua, "Nimesema."

Mzee Saning'o alitikisa kichwa mara moja, akawa anatazama mikono yake. Mbeke, ambaye Kimaa chake kilikuwa cha kuombea maji tu, aliona uso wa mzee na akaelewa vya kutosha.

"Vizuri sana," Githongo alisema, akaandika. "Kwa hiyo mwombaji hana mali. Hapo tumemaliza." Akafunua ukurasa. "Sasa tuje kwa mchango wa jamii. Uko wapi?"

Naisula alidhani hajasikia vizuri. "Ndio hiyo mifugo."

"Umetuambia si yako."

"Si mlinitaka niseme..."

"Sisi hatukukutaka useme kitu, Sista. Umeulizwa, ukajibu. Kama mifugo si yako, basi jamii haijakuchangia. Na bila mchango wa jamii, sheria za Mfuko haziniruhusu. Si mimi, ni sheria."

Basi mambo yakawa hivyo. Akiwa nao, ni tajiri. Asipokuwa nao, hana watu. Naisula alishika meza kwa mikono miwili.

"Hebu niambieni," alisema, na safari hii hakuharakisha, "ni muuguzi yupi mlimwekea pesa hizi? Maskini hamumtaki kwa sababu hana mchango. Aliyechangiwa hamumtaki kwa sababu si maskini. Huyo mnayemtaka yuko wapi? Tangu mfungue hii ofisi mmelipia nani?"

"Usipandishe sauti," Githongo akasema.

"Nimeuliza nani!"

Wajumbe walitazama chupa zao. Hakukuwa na wa kumtaja. Kila mwaka pesa za karo zilirudishwa kwa wafadhili zilivyokuja, na ofisi ikawaandikia kwamba wauguzi wa Kajiado bado hawana ari ya kusoma, kunahitajika uhamasishaji zaidi. Wafadhili wakatuma pesa za uhamasishaji. Hizo hazikurudi. Hizo ndizo zilizonunua gari, mapazia na yale maji.

"Kikao kimefungwa," Ledama akasema.

*

Asubuhi, kabla Naisula hajavaa sare yake, Mzee Saning'o alikuwa zizini na mjukuu wake.

"Takwenya, Naisula," alisema.

Alimwita kwa jina lake. Mtu wa mbali angedhani ni salamu tu, lakini Naisula alisimama pale mlangoni na kikombe mkononi.

"Nimekuja kuchukua ndama," mzee alisema. "Sikuja kwa ubaya. Umesema mbele ya watu si wako, na mimi siwezi kuacha mnyama wangu kwenye zizi la mtu asiyemtaka. Watu wataniuliza."

"Paashe, ilikuwa mambo ya karatasi! Nilibanwa. Nilisema tu ili..."

"Ulisema pale ofisini, wote wakasikia. Sasa unanifuata zizini asubuhi kuniambia ulikuwa unacheza?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Naisula zaidi. Angetukanwa angejua pa kuanzia. "Ungeniambia kabla. Ungekuja kwangu ukasema, mzee, wanataka nikukane ili wanipe pesa. Tungecheka pamoja. Lakini ulitaka nisielewe. Ni yule kijana ndiye aliyefanya nielewe."

Wakamtoa ndama. Kufika saa nne waliotoa ng'ombe na kondoo walikuwa wamekuja au wametuma watoto, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwita Naisula, au Sista, au mama Resiato kwa jina la binti yake. Hakuna aliyemwita kwa mnyama wake. Kuntai alisimama kando akipiga jiwe mateke, akilaani ofisi, akilaani wazee, asijilaani mwenyewe.

"Wewe nawe sema kitu!" Naisula alimfokea.

"Niseme nini? Nilidhani ni fomu."

Zizi likabaki na mbuzi mmoja. Naisula alimfungua mwenyewe, akamvuta kwa kamba hadi kibandani kwa Mbeke, kwa maana aliona afadhali apeleke kuliko kuja kudaiwa.

Mbeke alikuwa anakatakata sukuma wiki. Hakusimamisha kisu. "Unaleta nini hapa?"

"Mbuzi wako. Nilisema si wangu."

"Ulisema kwa nani? Mimi ulininong'oneza kitu?"

"Mbeke, wewe ulikuwa pale."

"Nilikuwa pale nikiwa na kiu. Mimi ni Mkamba, mama. Hiyo Kimaa yenu ya kukanana na kurudishana siijui. Mimi nilikupa mbuzi, ukichukua ni yako, ukikataa ni yako, akifa ni wako umzike. Rudisha mnyama nyumbani, ananilia mboga."

Naisula alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo mbele ya wateja. Mbeke alimpa kitambaa cha kufutia meza, akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akamwambia, "Sasa unalia nini? Hao watu wako hawajakasirika kwa ng'ombe. Wamekasirika kwa sababu ulisema. Si uende useme tena."

"Nilijaribu. Mzee amekataa kunisikiliza zizini."

"Kwani ulimkania zizini?"

*

Jumatatu walifika Kajiado ofisi ikiwa haijafunguliwa. Naisula alikuwa ameomba ruhusa zahanati. Mzee Saning'o alikubali kuja baada ya kuombwa na mkewe, na bintiye, na mwisho na Mbeke, ambaye alimwambia kwa Kiswahili cha soko kwamba kukaa nyumbani na kukasirika hakulipi. Walipofunguliwa, alikaa kwenye benchi la mapokezi.

Ledama aliwaona akasita mlangoni. "Sista, rufaa yako ilishafungwa."

"Sijaja kwa rufaa. Nataka nilichosema Alhamisi kifutwe. Andika kwamba mifugo ni yangu."

"Unaelewa unachoomba?" Alishusha sauti, kidogo akawa kama mtu wa nyumbani. "Ilivyo sasa umekosa mchango tu. Mwakani unaweza kujaribu. Ukibadilisha maneno, utaandikwa tajiri, tena mwongo. Jina lako halitapokelewa hapa milele."

"Andika."

"Fikiria kwanza masomo yako."

"Masomo yangu umeyafikiria wewe yakatosha!" Naisula aligonga meza, na msichana wa mapokezi akaacha kupiga chapa. "Nilipokuwa na ng'ombe mlinifanya niwakane ili nifanane na maskini wenu. Huyo maskini wenu hana ndugu, hana jirani, hana mtu wa kumpa hata mbuzi. Mimi si huyo. Niko na watu. Andika hapo niko na watu, na kama hiyo ni kosa, ninyime hizo pesa zako kwa kosa hilo."

Ledama alitazama mlangoni kama kuna mtu wa kumsaidia. Hakuna aliyekuja. Akafungua faili, akaandika, akapiga muhuri.

"Soma," Naisula alisema.

"Mwombaji amekiri kwamba mifugo iliyokaguliwa ni mali yake, aliyopewa na wachangiaji waliotajwa. Ombi limekataliwa daima."

"Sasa kwa Kimaa."

"Sista, tafadhali."

"Alhamisi ulitafsiri bila kuombwa, Ledama. Uwazi huo wa wafadhili umeisha?"

Katibu alimgeukia mzee. Kile Kimaa chake safi kilikuwa kimepungua, na mara mbili alisimama kutafuta neno, lakini aliyasema yote: kwamba ndama ni wa mwanamke huyu, kwamba aliyempa ni Mzee Saning'o, na kwamba kwa sababu hiyo ofisi haitampa kitu, si leo, si kesho.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza mara moja, "Amekosa zile pesa zote?" Ledama akasema ndiyo, zote. Mzee akainuka, akajifunga shuka vizuri.

"Paashe," alimwambia Naisula, "twende tuwaite wengine. Tuuze ng'ombe wako Jumatano kabla hawajaanza kuanguka kwa njaa. Muhula mmoja watakulipia."